Sura ya Tisa: Mpira Unaokula Upepo

Nevyana Kalpakova alingoja mpaka wakafika kwenye kanisa dogo la Mtakatifu Ilia, pale barabara ya Gorni Brod inapoanza kuteremka kwenda mjini, ndipo akatoa gia na kuinua mguu kwenye mafuta. Alinyoosha kidole kwenye dashibodi, na Inspekta Zlatina Deleva, aliyeketi kando yake na daftari mapajani, akauona mshale wa mizunguko ya injini ukipanda wenyewe: elfu moja, elfu moja na mia tatu, elfu moja na mia sita. Gari lilikuwa linateremka bila gia, mguu wa dereva uko sakafuni, na injini inanguruma kana kwamba kuna mtu anaikanyagia.

"Unaisikia?"

"Naisikia. Simama pale kwenye bomba la maji."

Nevyana akasimama. Gari lilipotulia, mshale ukashuka taratibu hadi mia nane na hamsini, na injini ikabaki na sauti ya chini isiyo na ugomvi na mtu. Zlatina akamwambia aondoke tena. Walirudia mara tatu kati ya bomba la maji na kona ya nne, na mara zote tatu mambo yakawa yaleyale. Likitembea, injini inapanda, na kadiri linavyokimbia ndivyo inavyozidi kupanda. Likisimama, inashuka. Zlatina aliandika namba zote. Alikuwa mpelelezi wa kuandika kwanza na kufikiri baadaye, tabia iliyowachosha wakubwa wake kituoni.

"Hii si injini aliyoondoka nayo," Nevyana alisema. "Nimeishi nayo miaka tisa. Najua inavyokohoa. Kuna mtu ameifundisha kitu."

Spas Kalpakov, mume wake, alikuwa mlinzi wa msitu. Mwaka uliopita alihesabu visiki vya misonobari iliyokatwa bila kibali juu ya bwawa, akaviandika kimoja kimoja, na akakubali kusimama mahakamani dhidi ya Kehayov, mwenye kiwanda cha mbao. Wiki moja kabla ya kesi, asubuhi moja ya Novemba, aliondoka na gari lake dogo jeupe. Hakurudi, wala gari halikurudi. Kesi ikaahirishwa. Zlatina alileta wazamiaji wakalichokonoa bwawa siku kumi na mbili. Wakatoa jokofu, baiskeli mbili na mbwa. Mji mzima ulikuwa na hakika ni nani kamuua Spas, na hakuna aliyekuwa tayari kulitia jambo hilo saini.

Halafu, miezi kumi na moja baadaye, Jumanne ya wiki ile, gari likaonekana limeegeshwa kwenye kituo cha treni, limeoshwa ndani na nje, ufunguo umewekwa juu ya tairi la mbele. Hapakuwa na alama ya kidole, unywele, wala kipande cha karatasi. Baada ya siku mbili kituo cha polisi kilikosa sababu ya kuendelea kulishika, wakamkabidhi mke. Nevyana alilihitaji kwelikweli. Basi la kijiji lilikuwa limefutwa tangu tarehe mosi ya Oktoba, na kila alfajiri alikuwa akisimama barabarani kuomba lifti hadi kiwanda cha nguo anakoshona. Aliliendesha mara moja tu kupanda nyumbani na mara moja kuteremka, kisha akaenda moja kwa moja kwa Zlatina.

"Ulikuwa unateremka na gia huru hata Spas akiwepo?" Zlatina alimuuliza sasa.

Nevyana akacheka kidogo. Sisi watu wa milima ya Rodopi tuna ugonjwa ambao hakuna daktari aliyeuweza: tukiuona mteremko tunatoa gia. Tuliuzoea enzi petroli ilipopatikana kwa kuponi. Kuponi zimekwisha siku nyingi, nusu ya magari, hili likiwemo, yanatumia gesi ya mtungi, lakini mkono haujapata habari. Kutoka Mtakatifu Ilia hadi daraja la mjini ni kilomita kumi na moja, na wapo wazee wanaojisifu kuwa hawajawahi kuchoma hata tone katika kipande hicho.

Spas peke yake alikataa. Alisema gari lisilo na gia ni jiwe lenye viti. Walibishana naye ndoa nzima, Nevyana alisimulia, na masika ya mwaka juzi Spas akashinda ubishi kwa namna ambayo hakuna aliyeifurahia. Injini ilimzimikia mkewe kwenye kona ya nne, breki zikawa ngumu kama ukuta, na gari likasimama likiwa limejibana kwenye chuma cha kando ya barabara, gurudumu moja liko hewani.

"Akakugombeza?"

"Hata. Alikaa kwenye ngazi ya nyumba, akavuta sigara tatu. Kesho yake akaniambia, Nevyana, niahidi hutatoa tena gia. Nikamwahidi."

"Na leo?"

"Leo nimetoa, umeniona mwenyewe," Nevyana alisema. "Nimetoa kila mara. Yeye alikuwa anajua, Inspekta. Alikuwa anapima gesi iliyobaki mtungini."

Karakana ya Bai Minko iko chini ya daraja, na nyuma yake kuna kichochoro chenye mteremko unaofika mtoni. Bai ndivyo tunavyomwita mwanamume aliyetuzidi umri bila ya kumzeesha, na Minko alikuwa ameitwa hivyo tangu ana miaka thelathini kwa sababu ya tumbo lake. Aliwakaribisha kwa kipande cha banitsa, mkate wetu wa jibini, kilichopoa na kuwauliza kama serikali sasa imefika mahali pa kupeleleza kabureta.

Alianza na rahisi. Akatoa zulia la dereva, lisije likawa linaegemea pedali. Akavuta waya wa mafuta mpaka mwisho na kuuachia. Ukarudi kwa mlio safi. Akapulizia dawa kuzunguka kitako cha kabureta, sikio limeinama, akitafuta mahali injini inapoiba hewa. Injini haikubadili sauti. Akabadilisha kutoka gesi kwenda petroli, akarudi kwenye gesi, akapiga chafya, akafuta mikono.

"Gari lako ni zima, Nevyana."

"Likisimama."

"Mimi natibu yaliyosimama. Yanayokimbia nayaachia polisi."

Zlatina hakucheka. Alimwomba aondoe waya wa spidi, kwa kuwa huo nao unazunguka gari linapotembea tu. Wakaingia wote watatu, wakaliteremsha kichochoroni gia huru. Injini ikapanda vilevile. Hapo Minko akaacha utani na kuanza kujikuna shingo.

Walipolirudisha, Stamen alikuwa anawasubiri mlangoni. Huyu ni kaka mkubwa wa Spas, mwenye duka la vyakula pale kijijini, mtu mpole mwenye mikono inayonuka jibini siku zote. Alikuwa ameshika bahasha ya kahawia. Nevyana alipoiona tu, uso wake ukakunjamana.

"Shemeji, angalia tu," Stamen alisema. "Kuangalia si kukubali."

Ndani ya bahasha mlikuwa na tangazo la msiba, lile lenye ukingo mweusi ambalo kwetu hubandikwa kwenye mlango wa marehemu, kwenye nguzo na kwenye kituo cha basi: siku anayokufa, siku ya arobaini, nusu mwaka, mwaka. Picha ya Spas, kofia ya kazi kichwani. Juu yake, *Mwaka mmoja bila wewe*. Stamen alikuwa ameagiza nakala thelathini.

"Sijaona mwili," Nevyana alisema.

"Hakuna atakayeuona. Mama yetu amezeeka, Nevyana. Anataka kuwasha mshumaa upande wa wafu. Mwaka mzima anauwasha upande wa walio hai, na kila akitoka kanisani watu wanamwangalia. Mwache amlilie mwanawe."

"Akilia sisi tutakuwa tumemzika. Nimekwambia Januari, nimekwambia Pasaka, nakwambia leo. Mlango wangu hauwekwi karatasi."

Stamen alitazama gari, akatazama boneti iliyo wazi, akarudisha tangazo kwenye bahasha kwa uangalifu wa mtu anayefunga jibini. Alisema atazihifadhi dukani, chini ya mizani, kisha akaondoka. Nevyana akatoka nje, akaenda kukaa kwenye ukuta wa mto, na kutoka ndani Zlatina alimwona akifuta macho kwa kiganja, haraka haraka, kama anayefuta meza. Miezi kumi na moja yule mwanamke alikuwa akikaa jikoni jioni bila redio ili asikie magari yanayopanda kutoka mjini. Alimweleza Zlatina siku za mwanzo, bila haya: alikuwa anamtamani mumewe arudi hata kama ni kwa kuja kugombana naye juu ya gia.

"Bai Minko," Zlatina alisema, "injini haina kasoro ikisimama. Tumeondoa waya wa mafuta, hewa ya kuibiwa, waya wa spidi. Gari likitembea, kitu gani kingine kinabadilika?"

"Hakuna."

"Fikiri."

Minko akafikiri. "Upepo," alisema. "Likitembea linapigwa na upepo."

Akainama mbele ya gari, akachungulia nyuma ya wavu wa mbele, akaingiza mkono mpaka kiwiko. Kisha akanyamaza. Zlatina alikuwa amemjua miaka sita na hakuwahi kumsikia akinyamaza zaidi ya muda wa kumeza. Alihesabu kimoyomoyo hadi ishirini. Alipofika ishirini na moja, Minko alitoa kisu cha mfukoni.

Zlatina akamshika mkono.

"Ni takataka tu imekwama," Minko alisema. "Naikata, dakika moja, limepona."

"Ondoa mkono, Bai Minko. Na kisu niachie."

Ulikuwa mpira mwembamba, mweusi, wenye mstari wa njano. Mwanzo wake ulifungwa kwenye kile kikombe cha bati kinachopimia injini gesi; mwisho wake ulipitishwa chini ya rejeta na kufungwa nyuma ya wavu, mdomo wazi ukitazama mbele. Zlatina hakuwa fundi, lakini alielewa kazi ya kitu kinachotazama upepo. Alimwambia Minko awashe injini na alete bomba la kompresa. Gari likiwa limesimama palepale sakafuni, Minko akaupulizia ule mdomo hewa kwa umbali, na mshale ukapanda hadi elfu moja na mia sita. Zlatina akauziba mdomo kwa kidole gumba. Mshale ukashuka. Akaachia, ukapanda.

"Zima," alisema. "Sasa nieleze."

Minko alieleza mitambo, kwa sababu mitambo ilikuwa salama. Gari la gesi likiteremka gia huru, upepo unaingia kwa nguvu kwenye njia ya hewa na gesi inazidiwa. Injini inakata pumzi, inazima. Ikizima, breki zinakuwa ngumu. Ndiyo yanayowaua watu wetu kila baridi. Sasa mpira huu unauchukua upepo uleule na kuusukumiza kwenye kiwambo cha gesi kilicho ndani ya kile kikombe. Upepo ukizidi, gesi nayo inazidi. Halafu aliyeufunga alifungua hewa kidogo na kubana gesi kidogo ili injini itulie gari likisimama. Matokeo yake, mteremkoni inapanda badala ya kufa.

"Kwa hiyo si kasoro," Zlatina alisema.

"Si kasoro. Imefanywa makusudi."

"Nani kaifanya?"

"Nitajuaje mimi?"

"Ulitaka kuikata kabla sijaiona."

"Fundi akiona uchafu anauondoa."

Zlatina akamwomba amwonyeshe mipira yake yote. Wazo lake la kwanza lilikuwa baya na alilifuata kama anavyofuata yote: kwamba gari lilifichwa hapahapa, chini ya turubai, na kwamba Minko alikuwa analipwa na Kehayov. Alipekua rafu mbili, sanduku na ghala la nyuma. Mipira ya Minko ilikuwa laini, isiyo na mstari, na yote ya duka moja. Kwenye vumbi la ghala hapakuwa na alama ya tairi wala nafasi ya kuingiza gari. Alirudi, akachuchumaa mbele ya wavu na tochi, akausoma mpira ule inchi kwa inchi. Karibu na kifungo aliona namba zilizogongwa kiwandani, ndogo, nyeupe. Wiki ya thelathini na moja. Mwaka huu.

Aliziandika. 

"Bai Minko, mpira huu ulitoka kiwandani mwisho wa Julai. Spas kapotea Novemba iliyopita. Kwa hiyo aliyelilalia chini gari hili amelilalia kiangazi hiki au baada yake. Nakuuliza mara ya mwisho, halafu tutaongea kituoni. Unamlinda nani?"

Minko alikaa juu ya tairi bovu. Alikuwa na machozi, na hakuyaficha.

"Majira mawili ya baridi alinisumbua na upuuzi huu," alisema. "Anakuja hapa, anachora kwenye sakafu yangu kwa chaki. Upepo unaoua injini, anasema, tuufanye uilishe. Mimi namwambia, Spas, nenda kahesabu miti yako. Hakuna fundi hapa hadi Sofia atakayefanya kitu cha kijinga hivi na kikafanya kazi. Ni wazo la mtu mmoja tu duniani."

"Ulimwambia hakitafanya kazi?"

Minko alitikisa kichwa kulia na kushoto, ambayo kwetu ni ndiyo, na akaendelea kukitikisa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ulitaka kukikata ili nisijue yuko hai."

"Ili usiandike kuwa yuko hai. Samahani, Inspekta, lakini unachoandika asubuhi kinasomwa kiwanda cha mbao kabla ya chakula cha mchana."

Zlatina hakukataa. Mara mbili mwaka ule alikuwa ameandika jina la shahidi, na mara mbili shahidi aligeuza maneno kabla ya jua kuzama. Alifunga daftari. Kilichobaki hakikuhitaji tochi. Spas mwenyewe hakutoa gia maishani mwake, hivyo kifaa hiki hakukitengeneza kwa safari zake. Basi lilifutwa tarehe mosi. Tarehe nane gari likawa kwenye kituo cha treni, mahali ambapo lazima polisi waletewe habari na lazima polisi wamkabidhi mkewe. Spas alikuwa karibu kiasi cha kujua habari za basi la kijiji.

Akaenda nje, akaketi ukutani kando ya Nevyana. Mto ulikuwa na maji kidogo. Alimweleza kwa mfuatano, kama anavyotoa ushahidi: mpira, upepo, namba, chaki, basi. Nevyana alisikiliza bila kumkatiza. Mwishoni aliinuka, akaingia karakanani, akapiga magoti mbele ya gari na kuingiza mkono nyuma ya wavu mpaka akaushika ule mpira. Alikaa hivyo. Minko aligeukia rafu na kuanza kupanga spana zilizokuwa zimepangwa.

"Kaufunga vizuri," Nevyana alisema.

"Vizuri sana," Minko alimjibu akiwa bado amewapa mgongo.

"Yaani amelala chini ya gari, akanifikiria mimi nikiteremka, akafunga na kukaza. Halafu akaja mpaka kituo cha treni. Kilomita kumi na moja. Na hakugonga mlango." Sauti ilimkatika, akaiokota tena. "Nimemtamani mpaka mifupa inaniuma, dada Zlatina. Na yeye anajua mimi ni mwongo, na bado hakunikasirikia."

Lilikuwa neno la kwanza la udugu kati yao, na Zlatina alilipokea. Alimwambia kwamba ripoti itasema waya wa mafuta ulikuwa umekwama na fundi ameulegeza. Mpira utabaki ulipo; hakuna mwingine atakayefungua boneti ile isipokuwa Minko. Kesi ikiitwa tena, labda masika, labda mwaka kesho, Spas atatokea au hatatokea, na hilo ni lake.

"Kehayov anaamini amekufa?"

Zlatina alikuwa akiomba moyoni asiulizwe hilo. "Hapana," alisema. "Mji unaamini Kehayov kamuua. Kehayov mwenyewe anajua hakumuua. Kwa hiyo anamtafuta. Na tangu Jumanne amesikia habari za gari."

"Yule mwenye gari la kijivu anayenunua sigara kwa Stamen kila siku."

"Ni wake."

"Anaangalia nini kijijini? Sina kitu."

Kuna mambo mpelelezi anayajua na hayasemi kwa sababu yakishasemwa yanakuwa amri. Nevyana alimtazama, kisha akatazama njia aliyopitia Stamen, na Zlatina akaona hesabu ikimfikia usoni polepole.

"Mlango wangu," Nevyana alisema. "Anaangalia mlango usio na karatasi. Mjane asiyekubali kuwa mjane. Miezi kumi na moja nimekuwa nikimwambia Kehayov kila siku kuwa mume wangu yuko hai."

"Hukujua."

"Sikujua. Nilikuwa namngoja tu."

Alinyanyuka, akajipangusa magoti. Aliuliza kama Stamen na mama mkwe wanaweza kuambiwa. Zlatina alisema Stamen ana uso usiojua kuficha kitu, na mama ni vivyo hivyo. Nevyana akasema basi atawaliza wote wawili, na Mungu atamlipiza siku anayoona inafaa. Minko akamfungulia mlango wa gari kwa adabu ambayo hakuwahi kuwa nayo.

Saa kumi jioni walikuwa Gorni Brod. Zlatina alimfuata kwa gari la polisi, akaegesha ng'ambo ya barabara kwa kisingizio cha kumuuliza Stamen kuhusu wateja wake. Gari la kijivu lilikuwa mbele ya duka, kioo kimeshushwa, kiwiko nje. Nevyana alipita kando yake bila kuharakisha. Kupitia dirisha Zlatina alimwona akisimama mbele ya mizani, akisema maneno machache, na akamwona Stamen akishika kingo za meza kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Yule mzee wa jibini alilia wazi, mbele ya wateja. Nevyana alimshika bega mpaka akamaliza.

Akatoka na bahasha na kopo la gundi. Nyumba yake ni ya tatu kutoka dukani, mlango wa kijani. Alipaka gundi kwa brashi pana, kuanzia juu, akaliweka tangazo, akalikandamiza kutoka katikati kwenda pembeni ili lisifanye mikunjo. Picha ya Spas ilikuwa usawa wa uso wake. Alipolaza kiganja chake juu ya picha kwa sekunde moja zaidi, Zlatina aliogopa, lakini mwenye gari la kijivu hakuona ila mke anayebandika karatasi. Baada ya muda alitupa sigara, akapandisha kioo, akawasha gari na kuteremka kuelekea mjini.

Jirani wa nyumba ya pili, bibi mmoja aliyebeba ndoo ya maharagwe, alisimama, akasoma jina, akafanya ishara ya msalaba.

"Mungu amsamehe," alisema, kama tunavyosema kwa waliokufa.

Jibu ni moja tu, na mwenye msiba asipolitoa watu hujiuliza. Miezi kumi na moja Nevyana alikuwa amekimbia kila mdomo uliotaka kumtamkia maneno hayo. Sasa aligeuka, mgongo umeegemea karatasi mbichi, akamtazama bibi machoni.

"Mungu amsamehe," aliitikia.